Usimwagilie Kabla ya Kutazama Mizizi



Juma hili sitawaletea habari za mbali. Nataka kuwaeleza jambo lililotupata hapa Kalemie, katika bustani ndogo ya shule, nalo lahusu miche ya nyanya iliyokuwa ikilegea bila sisi kujua sababu. Labda wengine watasema, “Mwalimu, nyanya ni mambo ya jikoni, yafaa nini kuyaandika gazetini?” Nawaomba wavumilie kidogo. Nyanya ndiyo mchuzi wa ndagala na wa maharagwe, na nyanya zilizouzwa sokoni ndizo daftari na kalamu za watoto wetu. Tena, katika habari hii mimi mwenyewe nilimkosea mtu, na kosa hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Ninyi mkaao kandokando ya ziwa mnaukumbuka mwaka 2024. Ziwa Tanganyika lilipanda, maji yakaingia katika nyumba za watu na katika bustani. Jamaa nyingi zilizokuwa zikilima mboga ufukoni zilipoteza matuta yao. Maji yalipopungua, wazazi wa shule walishauriana, wakaona vema tuanzishe kitalu huku kilimani, ili kila jamaa ipate miche ya kuanza upya.

Basi tukajenga banda la mianzi, tukalifunika kwa karatasi ya plastiki ipitishayo mwanga. Banda la namna hii huikinga miche michanga na mvua kubwa, tena huyafanya majani yasilowe ovyo, kwa maana majani yaliyolowa hushikwa upesi na ukungu. Ndani tukatengeneza matuta manne, na katika kila tuta tukapanda miche 60. Jumla yake 240. Udongo wa matuta matatu tuliuchimba pale pale kilimani. Udongo wa tuta la nne tuliuleta kwa magunia kutoka bustani moja ya zamani huko chini, kwa kuwa ulikuwa mweusi na wenye rutuba. Katika bustani hiyo watu walikuwa wakilima biringanya. Neno hili la udongo mlikumbuke, maana tutalirudia.

Miche ilipokuwa na majani manne au matano, siku ya Jumatatu, saa saba mchana, niliingia bandani nikaona mingi imelegea. Majani yalining'inia kama vitambaa. Zamu ya kumwagilia ilikuwa ya msichana mmoja wa darasa la sita, asiye na baba, anayelelewa na bibi yake. Nilimwita mbele ya wenzake nikamwambia, “Miche inakufa kwa kiu, nawe wacheza. Huu ni uvivu.” Alijibu tu, “Ndiyo, Mwalimu.” Tangu saa hiyo alipanda kilima na ndoo kichwani asubuhi, mchana na jioni.

Alhamisi hali ilikuwa mbaya zaidi. Ndipo yakaanza maneno mengine. Mzazi mmoja alisema kwamba bibi wa msichana yule hupita karibu na banda kila alfajiri akienda kutafuta kuni, na kwamba macho yake si mazuri. Mwingine akaitikia. Ninyi wasomaji mwajua maneno ya namna hiyo yanaweza kuishia wapi: kuna wazee waliofukuzwa katika nyumba zao kwa maneno madogo kuliko hayo. Amri ya Nane yatukataza kumsingizia jirani. Lakini mtu aliyepoteza bustani mara moja, akiona anaelekea kuipoteza mara ya pili, hutafuta upesi wa kumlaumu. Nami sikuwa na haki ya kuwakemea wazazi hao, kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kumlaumu mjukuu.

Ijumaa alikuja mzee mmoja wa parokia, ambaye kwa miaka mingi alikuwa mtunza bustani wa masista. Alitazama, akaniuliza:

“Mwalimu, umekwisha kuitazama mizizi?”

“Bado, mzee.”

“Basi umehukumu bila shahidi. Leo asimwagilie mtu. Kesho uje saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya jua kupata nguvu.”

Nilimwuliza kwa nini asubuhi. Akanieleza, nami nawaeleza ninyi. Mche mchanga hauna mti mgumu wa kuusimamisha. Kinachousimamisha ni maji yaliyojaa ndani yake, kama upepo unavyojaa katika mpira wa baisikeli. Majani yana matundu madogo mno, na kwa matundu hayo maji hutoka yakawa mvuke. Jua likiwa kali, majani hupoteza maji upesi kuliko mizizi inavyoweza kuyaleta. Ndipo mche hulegea. Usiku joto hupungua, mizizi huendelea na kazi yake, na kufikia alfajiri mche mzima huwa umejaa tena. Kwa hiyo mche unaolegea mchana na kusimama asubuhi mara nyingi umechoshwa na joto tu. Lakini mche unaokutwa umelegea hata alfajiri una shida katika udongo, katika mizizi au katika shina. Mtu atazamaye saa saba mchana tu hawezi kuwatenga hao wawili.

Jumamosi tulikuwa pale mapema, mzee, mimi na wanafunzi wachache, na msichana yule miongoni mwao. Kumbe, miche 183 ilikuwa imesimama wima. Miche 57 ilikuwa bado imelegea. Mzee akatuagiza tuchomeke kijiti kando ya kila mche uliolegea. Tulipomaliza tuliona kwamba vijiti havikutawanyika bandani mwote. Vijiti 43 vilikuwa katika tuta la kwanza, lile lililo chini karibu na mlango. Vijiti 14 vilikuwa katika tuta la nne, upande mmoja. Katika matuta mawili ya kati hapakuwa na kijiti hata kimoja.

Hiyo peke yake ilitosha kutufundisha. Kama shida ingalikuwa uvivu wa mwenye zamu, matuta yote yangalilegea. Kama ingalikuwa macho ya mtu apitaye nje, ni ajabu macho hayo yaruke matuta mawili ya kati.

Shahidi wa pili alikuwa kidole. Mzee alichomeka kidole katika udongo mpaka kwenye kiungo cha pili, akatuambia nasi tufanye hivyo. Katika tuta la kwanza udongo ulikuwa kama bukari laini. Maji yalijaa katika shimo la kidole, na harufu yake ilikuwa mbaya. Katika tuta la nne udongo ulikuwa na unyevu wa kadiri, kama ipasavyo. Basi mahali pote bandani hapakuwa na mche wenye kiu.

Shahidi wa tatu alikuwa mzizi wenyewe. Tuling'oa kwa upole mche mmoja mzima wa tuta la kati, mmoja wa tuta la kwanza na mmoja wa tuta la nne, tukaiosha mizizi yake na kuilaza juu ya ubao. Mizizi ya mche mzima ilikuwa myeupe, yenye nyuzi nyingi nyembamba. Ile ya tuta la kwanza ilikuwa ya rangi ya kahawa, laini; ukiivuta kwa vidole, ganda lake lilichomoka na kuacha uzi mwembamba katikati. Majani yake ya chini yalikuwa yameanza kuwa manjano. Huo ulikuwa mche uliozidishiwa maji. Mizizi nayo hupumua. Katika udongo mzuri kuna nafasi ndogondogo zenye hewa. Maji yakizijaza zote, hewa hutoka, mizizi hukosa pumzi na kufa, kisha ukungu wa udongo wenye maji mengi huingia na kuiozesha. Mzizi uliooza hauwezi kunyonya maji, na kwa hiyo mche hufa kwa kiu huku umesimama majini. Mtu asiyejua huona majani yaliyolegea, huongeza ndoo nyingine, na kwa ndoo hiyo huumaliza.

Nilipoyasikia hayo nilizikumbuka ndoo za msichana yule. Banda letu lina mteremko mdogo kuelekea mlangoni, na maji yote ya ziada aliyoyamwaga kwa amri yangu yalikusanyika katika tuta la kwanza.

Ukabaki mche wa tuta la nne. Mizizi yake ilikuwa karibu nyeupe. Majani yake yalikuwa kijani bila doa la manjano. Hata hivyo ulilala kama mche uliomwagiwa maji ya moto. Mzee akaagiza bilauri ya maji safi. Akakata kipande cha shina karibu na udongo, urefu wa kidole, akakishika ili ncha yake iingie kidogo tu katika maji, bila kuyatikisa. Tulingoja dakika chache kwa kimya. Kisha tukaona uzi mweupe, kama maziwa au kama moshi, ukishuka polepole kutoka katika shina. Alifanya hivyo hivyo kwa mche wa tuta la kwanza; uzi haukutokea.

Uzi ule ni bakteria, maelfu kwa maelfu. Wataalamu huziita Ralstonia solanacearum. Erwin F. Smith wa Marekani alizieleza mwaka 1896, alipochunguza kunyauka kwa nyanya, viazi na biringanya, nazo zimeenea katika nchi nyingi za joto. Hukaa katika udongo, huingia kwa majeraha madogo ya mizizi, huongezeka katika mishipa ya shina inayopandisha maji, na kuiziba. Kwa hiyo mche hunyauka upesi ungali kijani. Hushika nyanya, biringanya, pilipili, viazi ulaya na tumbaku, hata karanga pia. Tena huweza kudumu udongoni miaka mingi, na husafiri kwa maji yanayotiririka, kwa jembe, kwa kisu, kwa udongo ulioshika viatuni, na kwa miche ionekanayo kuwa mizima.

Ndipo mama mmoja, mwenye kuijua bustani ile ya zamani, akasema polepole, “Kabla ya mafuriko, biringanya za pale zilikuwa zikianguka zingali kijani. Tulidhani ni jua.” Basi tuliuleta ugonjwa sisi wenyewe, katika magunia, tukafurahia weusi wa udongo.

Wasomaji wapendwa, tazameni. Majani yalilegea kwa namna moja, lakini sababu zilikuwa tatu: joto, maji kupita kiasi, na bakteria za udongo. Na maji, ambayo sisi sote tuliyadhani kuwa dawa, hayakuwa dawa ya hata moja kati ya hizo. Kila sababu ilitaka tiba yake.

Kwa ajili ya joto, tulikunja plastiki ya pande mbili za banda tangu saa tatu asubuhi hadi jioni ili hewa ipite, na juu ya paa tukaweka matawi ya michikichi kwa saa za jua kali. Banda lililofungwa huweza kupita nyuzi 40 za joto mchana, na nyanya hupendelea baina ya nyuzi 20 na 30. Tangu hapo tunamwagilia asubuhi tu, baada ya kuuliza kidole.

Kwa ajili ya tuta la kwanza, tuliacha kumwagilia, tukachimba mfereji wa kutoa maji nje, tukainua tuta kwa urefu wa shubiri moja. Kati ya miche 43 iliyolegea, 20 ilikuwa bado na mizizi myeupe. Tuliihamisha katika udongo mpya wa kilimani. Iliyobaki ilikuwa imeoza.

Tuta la nne ndilo lililotuletea shida ya moyo. Miche 14 ilikuwa imelegea, lakini 46 ilisimama, mizuri kwa macho, na majina ya wenye kuipokea yalikuwa yamekwisha andikwa. Wengine walisema, “Tuing'oe ile 14 tu, hii mingine ni mizima.” Mzee alikataa. Alisema mche waweza kuwa na bakteria siku kadhaa kabla ya kulegea, na mama atakayeupeleka kwake ataupanda pamoja na ugonjwa, na bustani yake itaharibika miaka kadhaa. Hakuna dawa ya kumimina iponyayo mche uliokwisha kushikwa, hata mwuza dawa sokoni aapeje. Walikumbushana pia ugonjwa wa kunyauka kwa migomba uliogunduliwa Masisi, huko Kivu ya Kaskazini, mwaka 2001. Bakteria zake ni nyingine, lakini nazo huenea kwa visu visivyosafishwa na kwa machipukizi yanayopokelewa kwa furaha.

Basi tuling'oa miche yote 60 pamoja na udongo ulioishika, tukaiacha ikauke kwenye plastiki ndani ya banda, tukaichoma moto. Hatukuitupa katika shimo la mbolea wala katika mfereji. Jembe na kisu tuliviosha kwa sabuni na kuvipitisha motoni. Viatu tulivisugua mlangoni. Kwa bahati njema tuta la nne lilitengwa na mengine kwa njia ya kupitia, na maji yake yalishuka nje kwa upande wake. Mahali pale tutapanda mahindi kwa misimu kadhaa, wala hatutaweka nyanya, biringanya, pilipili, viazi ulaya wala karanga. Tulibaki na miche 157. Tuliichunguza kila alfajiri kwa majuma mawili, na kwa kuwa haukulegea hata mmoja, tukaigawa. Hakuna jamaa iliyopata idadi iliyoahidiwa, lakini hakuna iliyopelekewa ugonjwa kwa kujua.

Nyumbani kwenu huenda mkakuta mengine. Mizizi ikiwa na vifundo kama shanga, ni minyoo midogo ya udongo. Shina likiwa limetafunwa usawa wa udongo, chimbeni hapo mtafute kiwavi. Majani ya chini yakianza manjano, labda upande mmoja tu, na shina likipasuliwa laonyesha mistari ya rangi ya kahawa, wala uzi wa maziwa hautokei katika bilauri, yaelekea ni ukungu wa mishipa. Utaratibu ni ule ule: saa ya alfajiri, kidole, mzizi, bilauri. Ni kazi ya nusu saa, wala haigharimu hata faranga moja.

Sasa nirudi kwa kosa langu. Jumatatu iliyofuata nilisimama mbele ya darasa, pale pale nilipomkemea msichana yule, nikasema kwamba nilimhukumu kwa uongo, kwamba alitii, na kwamba ubaya wa tuta la kwanza ulitoka katika amri yangu. Jioni nilikwenda kwa bibi yake, nikamwomba radhi kwa maneno yaliyosemwa bandani. Alinikaribisha kiti. Kisha akasema, “Mwalimu, mtoto ameumia shingo kwa zile ndoo.” Sikuwa na la kujibu. Wazazi wawili walioyatamka maneno ya macho walikwenda nao, siku nyingine, bila kuagizwa na mtu.

Katika kitabu cha Yona twasoma habari za mche uliomtia nabii kivuli. Mungu aliweka tayari mdudu alfajiri, akaudhuru mche ukanyauka. Na jua lilipopanda, Yona alikasirika sana. Alilisikia jua kichwani. Mdudu wa alfajiri hakumwona. Ndivyo tulivyo. Twaona kichwa kilichoinama, na kichwani tunapiga.

Nilipokuwa seminarini walitufundisha kwamba neno lenyewe “seminari” katika Kilatini maana yake ni kitalu cha mbegu. Padri Stefano Kaoze, mzalendo wa kwanza wa Kongo kupata upadri, aliyepadrishwa mwaka 1917 kule Baudouinville, ndiyo Kirungu ya Moba, alitoka katika kitalu cha namna hiyo. Shule nayo ni kitalu, na nyumba ya wazazi ndiyo kitalu cha kwanza. Mtoto akilegea katika masomo, sisi walimu na wazazi twaongeza kile tulichokizoea: makemeo, fimbo, kazi ya ziada. Labda mtoto huyo hakula tangu jana. Labda haoni vizuri ubao. Labda ana malaria, au hubeba maji usiku kwa ajili ya wadogo zake. Tukimzidishia yale yale bila kumwuliza, twaweza kumwozesha mizizi huku tukidhani twamtunza.

Basi, ninyi wenye vitalu, kesho amkeni mapema mkaitazame miche kabla ya jua. Nanyi wenye watoto, kaeni na yule aliyelegea, saa ya utulivu, mwulizeni taratibu, kisha mngoje jibu. Ndoo ya maji iwekeni chini kwanza.

Tutaonana juma lijalo, Mungu akipenda.